Bi Rula na Mstari wa Saba

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, mawingu mepesi, hakuna upepo. Saa nne jua limetoka, vioo vimekauka.

Maneno hayo ya kwanza Bi Rula aliyaandika kwenye daftari lake alipofika kazini, kabla hata hajaufungua mwavuli ukauke. Yale ya jua aliyaongeza saa nne. Na saa nne hiyo hiyo ndipo mambo yalipoanza kumwendea kombo.

Jina lake halisi lilijulikana kwenye orodha ya mahudhurio tu. Kwingine kote aliitwa Bi Rula, kwa sababu hakuwahi kupiga mstari kwa mkono mtupu. Tarehe aliipigia mstari kwa rula, na kichwa cha habari vivyo hivyo. Hata alipofuta neno alilifuta kwa rula. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mume, watoto wawili waliokwisha kumpita kimo, na madaftari kumi na tisa kwenye rafu nyuma ya kiti chake. Kazi yake ilikuwa kuunda programu za kompyuta. Aliianza ukubwani, baada ya miaka mingi ya kuchapa barua za watu wengine, na labda ndiyo maana hakuiamini kumbukumbu yake hata siku moja. Akijifunza jambo, lazima aliandike.

Katika programu zote alizounda, moja aliipenda kuliko nyingine, ingawa hakuwahi kulisema hilo kwa sauti. Iliitwa Iko Wapi. Ilikaa kwenye kompyuta za maabara ya hospitali ya wazazi, na kazi yake ilikuwa kuliuliza ghala kuu la damu: damu ya kundi fulani ipo mifuko mingapi, na kwenye jokofu la kituo kipi? Kabla ya Iko Wapi, watu wa maabara walikuwa wakipiga simu vituo kumi na kimoja, kimoja baada ya kingine, huku mama kalazwa na madaktari wamesimama.

Sasa ghala kuu lilikuwa linahamia kwenye anwani mpya ya mtandao. Barua yao ilisema wazi: siku hiyo ya Jumanne, saa kumi kamili alasiri, anwani ya zamani itafungwa. Programu itakayokuwa imejiunga na mpya itaendelea. Itakayochelewa itafutwa kwenye orodha, na nafasi ya kujiunga tena haitakuwepo hadi mwaka ujao.

"Kazi ya saa moja," Bi Rula alikuwa amemwambia mkuu wa ofisi siku ya Ijumaa, barua ilipofika.

"Basi saa kumi nitakuja kuangalia," mkuu alijibu. Hakuwa mtu mkali, lakini alikuwa mtu wa tarehe. "Ikiwa imejiunga, hongera. Ikiwa haijajiunga, nitaiandikia hospitali kwamba imestaafu. Siwezi kuwaacha wanategemea kitu ambacho hakipo."

Bi Rula alikubali bila wasiwasi. Tatizo pekee lilikuwa kwamba kompyuta yake ya zamani ilikata roho Alhamisi, tena kwa moshi. Lakini hata hilo lilikuwa na dawa. Jumatatu fundi wa mitambo alimwekea mpya mezani, nyembamba, inayong'aa, imejazwa kila kitu. Au ndivyo alivyodhani.

Kufikia saa nne alikuwa amesoma maelekezo ya ghala mara mbili na kuyapigia mistari. Akaifungua karakana.

Karakana ndivyo walivyoiita pale ofisini ile programu kubwa ya kuundia programu nyingine. Ukiiambia unataka mradi mpya, inakupangia violezo, na kila kiolezo ni mradi mtupu uliokwisha kukatwa umbo, unabaki wewe kuujaza. Halafu ina kitu kingine, rejeo la huduma. Hilo ni kama kumwandika mtu kwenye kitabu cha simu: unaiambia programu yako kwamba huduma fulani inakaa anwani hii na inajibu maswali haya, na karakana inakuandikia yenyewe mamia ya mistari ya kuongea nayo. Maelekezo ya ghala yalitaka vyote viwili. Chukua kiolezo cha huduma, ongeza rejeo, bandika anwani, maliza.

Bi Rula akabofya mradi mpya. Violezo vikajipanga. Akavihesabu kwa ncha ya kalamu kwenye kioo. Sita.

Akavihesabu tena, kisha akachomoa daftari la kumi na nne. Kwenye kompyuta ya zamani vilikuwa ishirini na tatu, na aliviandika vyote. Kiolezo cha huduma hakikuwemo kati ya hivi sita. Akaufungua mradi wa Iko Wapi wenyewe, akabofya kulia, akatafuta mstari wa kuongeza rejeo la huduma mahali ulipokaa miaka yote. Haukuwepo. Haukuwa umefifia wala kujificha, na palipokuwa pake mistari ya juu na ya chini ilikuwa imeshikana kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu.

"Fundi!" aliita. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Kwenye chumba cha pili vichwa vikainuka.

Fundi wa mitambo aliingia, na hata katika msukosuko ule Bi Rula alishtuka kumwona. Watu walimwita Koti. Alivaa koti jeusi mwaka mzima, jua liwake lisiwake, na mifuko yake minane ilibeba bisibisi, nyaya, betri na vitu ambavyo mwenyewe alikwisha kuvisahau. Leo alikuwa na shati tupu.

"Usiniangalie hivyo," Koti alisema. "Limelowa, na mfuko umechanika. Niko uchi, najua. Tatizo nini?"

"Violezo vimepotea. Na rejeo la huduma limepotea."

"Umezima ukawasha?"

"Mara tatu."

"Basi zima mara ya nne, mimi nikiwa nimesimama hapa. Huwa zinaniogopa."

Wakazima, wakawasha. Sita. Koti akatafuta kwenye pipa la kufutia mafaili, na hamkuwa na kitu. Wakairudisha karakana kwenye mipangilio yake ya kiwandani, ikabadilika rangi tu. Wakapekua folda moja baada ya nyingine, Koti akisoma majina na Bi Rula akiweka alama. Dakika zikawa saa. Bi Rula akaanza kufikiria kuiandika ile mistari ya rejeo kwa mkono. Akaangalia ya zamani ilikuwa mingapi, akaona mia nane na kumi na nne, kila mmoja na nukta zake. Angemaliza Ijumaa, kama asingekula.

Saa sita kasoro simu ikalia. Alikuwa msimamizi wa maabara ya hospitali ya wazazi, ambaye pia alikuwa wifi yake, dada wa mumewe kabisa.

"Wifi, mbona kimya? Uliniambia saa tano nitaona anwani mpya. Naona ya zamani na uso wangu mwenyewe kwenye kioo."

"Kuna vitu sivioni kwenye mashine. Nipe muda."

"Muda? Kaka yangu ulimteka wiki mbili tu, hukuomba muda!" Akacheka, kisha sauti ikashuka. "Sikia, wifi. Nina akina mama wawili wa kupasuliwa kesho asubuhi, mmoja O hasi. Nikirudishwa kwenye simu za vituo kumi na kimoja, nitapiga, sina ujanja. Lakini usinirudishe huko."

"Sikurudishi."

"Haya. Nimekusikia, na nitakukumbusha."

Bi Rula alikata simu, akajikuta anausoma mstari ule ule mara ya tatu. Alipokuwa hivyo alijua dawa yake ni moja: kuiacha meza. Akashuka ngazi hadi chini, kwenye duka la mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na karatasi za kahawia zilizokatwa maumbo: mgongo, kifua, mkono, kola. Juu ya kila karatasi palikuwa na kitu cha kuibana isiteleze kwenye kitambaa. Pasi ya zamani ilikuwa juu ya mgongo, jiwe la mto juu ya kifua, kiboksi cheusi juu ya kola. Koti la Koti lilining'inia mlangoni, mfuko wake umeshonwa.

"Dada, uso huo wa nani?" mdogo wake aliuliza, akimsogezea kikombe cha chai na kipande cha mkate. "Kaa. Kunywa kwanza."

Bi Rula alikaa ubavuni mwa ile kola, akanywa, akaeleza kwa mkato. Kila kiolezo ni kama hizi karatasi zako. Zilikuwa ishirini na tatu, zimebaki sita. Wametafuta kila mahali, na hawajui nani kazifuta wala lini.

Mdogo wake alikata uzi kwa meno. "Zilifutwa, au hazijaletwa?"

"Nini?"

"Nilipohamia hapa nilitafuta karatasi ya mkono siku mbili. Nilifagia mpaka chini ya cherehani, nikamlaumu jirani, Mungu anisamehe. Kumbe ilibaki kule kule. Mbeba mizigo alibeba nilichomwandikia kwenye orodha, na ile sikuiandika. Sasa hizo zako kumi na ngapi. Kwenye mashine hii mpya ziliwahi kuwepo?"

Bi Rula aliweka kikombe chini. Hakukiweka vizuri, chai ikamwagika kwenye sahani. Tangu saa nne alikuwa anatafuta kitu kilichopotea. Hakuwa amejiuliza hata mara moja kama kiliwahi kufika.

"Dada, mkate wako!"

Lakini dada alikuwa tayari kwenye ngazi, akizipanda mbili mbili, jambo ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kuliona.

"Fundi! Karakana uliniwekea kwa kufuata nini?"

Koti alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Kwa kufuata wewe."

"Mimi?"

"Orodha yako. Mimi sigusi kitufe bila orodha yako." Akamwongoza hadi kwenye ukuta wa chumba chake. Palikuwa na ukurasa mmoja uliotiwa plastiki, umebandikwa kwa misumari minne. Mistari kumi na tano ya mwandiko mdogo ulionyooka, na kila mstari ulisema sehemu moja ya karakana: weka, au acha. Kila neno "acha" lilikuwa limepigiwa mstari kwa rula.

Mstari wa saba ulisema: Huduma za mtindo wa zamani, na violezo vyake. Acha.

Bi Rula aliusoma mara mbili, na mara moja akaikumbuka ile siku. Ilikuwa miaka minne iliyopita, diski za kompyuta zilikuwa ndogo, kila nafasi ilipigiwa hesabu. Mwaka ule walipanga kuiunda Iko Wapi upya kwa mtindo mwingine, kwa hiyo akaona sehemu ile haitahitajika tena. Mpango ule ukafa bila mazishi. Orodha ikabaki ukutani. Na yeye hakuligundua hilo kamwe, kwa sababu kompyuta yake ya zamani ilijazwa kabla ya orodha kuzaliwa.

"Kwa hiyo mwizi ni mimi," alisema.

"Mimi sijasema. Umesema mwenyewe, na ukuta umesikia."

Bi Rula akaanza kucheka. Koti alimwangalia kwa hofu, kisha naye akashikwa, wakacheka wote wawili mbele ya ile plastiki mpaka mkuu akachungulia mlangoni, akatazama saa yake na kuondoka. Saa saba na dakika kumi.

Furaha haikudumu. Walipoiamuru karakana iilete ile sehemu kwa mtandao, ikawaambia kuileta kutachukua saa kumi na nne. Mtandao wa ofisi ulikuwa mwembamba kama uzi.

"Usiogope," Koti alisema. "Karakana nzima ninayo, kila sehemu, kwenye diski ya nje. Siachani nayo. Iko..." Akajipiga kifuani, juu ya shati tupu. Mkono ukabaki palepale.

"Koti langu," alisema kwa sauti ndogo.

Wakashuka ngazi wote wawili. Koti alichomoa koti lake mlangoni, akaingiza mkono mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bisibisi, betri, kitana. Mfuko wa nane, ule ulioshonwa, ulikuwa mtupu.

"Shemeji," alimwambia mdogo wa Bi Rula, ambaye hakuwa shemeji yake kwa njia yoyote, "humu mlikuwa na kiboksi cheusi!"

"Si nilikitoa ili nishone? Ningeshona juu yake?" Fundi cherehani alionyesha kwa mkasi. "Nimekipa kazi. Ni kizito kizuri ajabu, hakitelezi hata kidogo."

Juu ya karatasi ya kola, pembeni ya kikombe cha chai kilichopoa, diski ilikuwa imelala.

"Nimekunywa chai mbele yake!" Bi Rula alipaza sauti kwa mara ya pili siku hiyo. "Kiwiko changu kilikuwa hapa!"

"Na kola yangu je? Itabanwa na nini?"

"Nitakuletea kingine! Nakuapia!" Na walikuwa wamekwisha kutoka.

Kazi ilianza saa nane kasoro robo. Mstari wa kijani ulijaa taratibu kwenye kioo, Koti akiwa ameishikilia diski kwa vidole viwili kana kwamba ingeweza kuruka. Ulifika mwisho saa tisa na dakika tano. Bi Rula akaifungua karakana, akaufungua mradi wa Iko Wapi, akabofya kulia. Mstari ulikuwepo. Ongeza rejeo la huduma.

"Upo!"

"Upo!" Koti aliitikia, na mtu kwenye chumba cha pili akapiga makofi bila kujua anapigia nini.

Kisha akafungua orodha ya violezo. Sita.

Koti alishika kichwa. Lakini Bi Rula hakushtuka, na hilo lilimshangaza yeye mwenyewe. Kuna kitu kilikuwa kinamwasha akilini, ukurasa, wino wa kijani, doa la mafuta kwenye kona. Akaigeukia ile rafu ya madaftari. Daftari la tisa hapana. La kumi na moja. Akapekua haraka, na ukurasa ukafunguka wenyewe mahali pa doa.

"Nisomee," alimwambia Koti, vidole vikiwa tayari.

Koti akasoma: "Ukiongeza violezo na bado huvioni, usivitafute. Karakana haivisomi kila siku, inakumbuka orodha ya zamani. Ifunge. Iamuru isome upya." Chini yake palikuwa na amri yenyewe, herufi kwa herufi. "Bi Rula, hii umeiandika miaka minane iliyopita!"

"Nisomee amri, usinisomee miaka."

Akaiandika. Karakana ikafunguka polepole, ikiwaza. Akabofya mradi mpya, na violezo vikashuka kwenye kioo safu baada ya safu, Koti akivihesabu kwa sauti. Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Alipofika ishirini na tatu alikuwa amesimama.

Sasa saa moja ya kazi aliyoahidi ilikuwa imebaki nusu. Akachukua kiolezo cha huduma. Akaongeza rejeo. Akabandika anwani mpya ya ghala, akaikagua herufi kwa herufi kwa ncha ya kalamu, akabofya. Karakana ikatulia. Mkuu alikuwa ameingia na kusimama nyuma yao, saa yake kaivua na kuishika kiganjani. Kisha, chini ya ile anwani, yakaanza kufunguka maswali ambayo ghala lilikubali kujibu: orodha ya vituo, makundi ya damu, mifuko iliyopo. Mistari mia nane na zaidi ikajiandika kwa kupepesa jicho. Bi Rula aliunganisha, akajaribu, akakuta kosa moja dogo la kwake, akalirekebisha, akajaribu tena. Akaituma maabara.

Saa kumi kasoro dakika sita akapiga simu, akaiweka kwa sauti ya wote.

"Wifi, ifunge uliyonayo, fungua mpya. Uliza O hasi."

Wakasikia kiti kikiburutwa. Wakasikia vidole vikigonga. Halafu vidole vikakoma.

"Wifi?"

"Subiri, navaa miwani." Kisha sauti ikapasuka: "O hasi, mifuko minne! Kituo cha sita! Jokofu la pili! Wifi, naiona mpaka tarehe ya mwisho ya matumizi!"

Chumba kizima kikalipuka. Ila Bi Rula aliinua kidole. "Usifunge. Ngoja saa kumi ipite."

Wakangoja, macho yote kwenye saa ya mkuu. Saa kumi. Saa kumi na dakika moja.

"Uliza tena."

"Mifuko minne," wifi yake alisema taratibu. "Bado minne. Nawaambia wakailete sasa hivi. Kaka yangu alioa, jamani. Alioa!"

Mkuu aliivaa saa yake. "Barua ya kustaafu siiandiki," alisema, na kwa mtu wa tarehe, hiyo ilikuwa hotuba.

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, anga jeupe bila mvua, Bi Rula alifika kabla ya mtu wa kufagia. Aling'oa misumari minne, akautoa ukurasa kwenye plastiki, akaweka rula na kupiga mstari mmoja tu juu ya mstari wa saba, ili maneno yabaki yakisomeka. Pembeni akaandika kwa wino mwekundu: Weka. Iko Wapi inaihitaji. Kisha akaanza na mstari wa kwanza, akiandika mbele ya kila "acha" sababu yake. Kufikia wa kumi na moja alikwama. Hakukumbuka kwa nini. Akaweka alama ya kuuliza, na Koti alipofika, koti mwilini, wakaujadili ule mmoja karibu nusu saa.

Walipomaliza, Bi Rula aliazima bisibisi ya Koti, akaifungua ile kompyuta ya zamani iliyokufa kwa moshi, akachomoa kile kiboksi cha chuma cha kuingizia umeme, akakifuta masizi kwa kitambaa, na kushuka nacho hadi kwenye meza ya kukatia. Mdogo wake alikipima kwa mkono mmoja, kisha kwa mkono wa pili, akakiweka juu ya karatasi ya kola na kuisukuma karatasi kwa kidole. Haikusogea.

"Hiki," alisema, "hakirudi juu."